Maombi yaliyojibiwa ugenini: jibu kwa mama wa Tabora

Mama uliyeandika kutoka Tabora, shikamoo kama umri wako unazidi wangu, na kama sivyo, pokea salamu za kawaida. Umeeleza kwamba binti yako, ambaye ni muuguzi, anaandaliwa na kanisa lenu kwenda kutumika Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na umeuliza maswali mawili. La kwanza ni kama shuhuda tunazosimuliwa na wamishenari kuhusu kujibiwa maombi yao ni za kweli, au zimekuzwa ili wafadhili wafungue mifuko. La pili ni kama mtu aliyetumwa mbali na kwao husikilizwa na Mungu kuliko sisi tuliobaki nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, tabibu kwa taaluma, na katika ujana wangu kanisa lilinituma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye ufuko wa Fizi nchini Kongo, nilikoendesha zahanati ndogo miongoni mwa Wabembe. Nitajibu kwa yale niliyoyaona.

Swali la pili halina urefu: hapana, sijaona ugenini penye sikio la Mungu lililo karibu zaidi. Tofauti ni kwamba ukiwa kwenu, ukiishiwa mafuta ya taa unamtuma mtoto kwa shemeji, na jambo linaishia hapo bila mtu yeyote kupiga magoti. Ugenini hakuna shemeji. Mambo ambayo nyumbani yangepita kimyakimya yanageuka kuwa maombi, na yakipatikana unayakumbuka, kwa hiyo mishenari huwa na shuhuda nyingi kuliko jirani yake wa Isevya.

Swali la kwanza ndilo linalohitaji maelezo. Kiangazi kimoja, upepo wa kusi ukiwa umelichafua ziwa, kipindupindu kiliingia vijijini kwetu. Mgonjwa aliyezidiwa na ugonjwa huo anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa, na kinachomuua ni kukauka. Dripu zilituishia mapema. Tulikuwa tumeagiza nyingine kwa ofisi iliyokuwa ikitusimamia, lakini jibu halikuja, na kwa mawimbi yale hata ningeandika barua ya machozi nisingepata wa kuivusha. Jioni tulikusanyika kanisani, wagonjwa wakiwa wamelazwa kwenye mabenchi, na tukaomba dripu, kwa kulitaja jina lake hasa, dripu.

Asubuhi yake boti ya mbao iliingia ufukweni kwetu. Ilikuwa imetoka Kibirizi, pale Kigoma, ikielekea Kalemie, na upepo ulikuwa umeisukuma kaskazini usiku kucha hata nahodha akaona heri atafute nchi kavu popote. Ndani yake hamkuwa na dripu hata moja. Mlikuwa na magunia ya chumvi ya Uvinza na mifuko ya sukari, mali ya mfanyabiashara Mwislamu wa Ujiji aliyekuwa akisafiri nayo, naye alishuka akiwa amelowa na amekasirika, akiulizia mahali pa kuanikia magunia yake.

Mama, wewe ni mzazi wa muuguzi, kwa hiyo huenda hesabu hii unaijua: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu, hata unapomwaga kila kitu, bado unaweza kufyonza maji iwapo sukari na chumvi vimo pamoja, na ndiyo maana kinywaji hicho cha jikoni huokoa wengi wanaoweza kunywa. Sisi hesabu tulikuwa nayo, lakini sukari ilikuwa imekwisha kijijini kote na chumvi ilibaki ya kuhesabu punje. Yule bwana aliposikia habari alifungua mifuko akasema tutahesabiana baadaye. Akina mama wa Kibembe walichota maji, wakatafuta kuni, wakachemsha mchana na usiku, na kunywesha wagonjwa kijiko kwa kijiko. Wengi walipona. Waliofikishwa wakiwa wamekwisha kukauka na kupoteza fahamu walikufa, kwa sababu mtu wa namna hiyo hawezi kumeza, na kwa huyo ilihitajika dripu ileile tuliyoiomba. Miezi baadaye nilipovuka kwenda Ujiji kulipa deni, mwenye mali alipokea fedha ya sukari, akakataa ya chumvi.

Je, maombi yetu yalijibiwa? Mimi nasema ndiyo, na siku ile niliandika daftarini: tumeomba dripu, tumepewa sukari na chumvi. Lakini angalia kilichofuata. Alikuja mgeni wa kutukagua, akaisikia habari hiyo, na baada ya muda nikaisoma katika jarida la wafadhili. Upepo ulikuwamo, boti ilikuwamo, na mimi nilikuwamo kwa sifa nisizostahili. Mfanyabiashara wa Ujiji hakuwamo, wala akina mama waliochemsha maji, wala waliokufa. Hakuna sentensi niliyoweza kuiita ya uongo katika ushuhuda ule, na bado sikuutambua. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hili: shuhuda nyingi ni za kweli, ila zinapunguzwa zaidi kuliko zinavyokuzwa. Wanaofutwa ni watu waliolibeba jibu, pamoja na sehemu ya ombi ambayo haikujibiwa.

Ukitaka mfano usio wangu, uko Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Mwishoni mwa Oktoba 1871 mmishenari huyo alirudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, akiwa mgonjwa, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote. Katika shajara yake alijifananisha na yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, na hakuona tumaini la Msamaria kupita. Siku chache baadaye, tarehe inayotajwa kwa kawaida ni 10 Novemba, Henry Stanley aliwasili na dawa, chakula na barua. Wahubiri wanaipenda sana habari hii. Wasichokisimulia ni kwamba Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald lililotaka habari ya kuuza, na kwamba alifika kwenu Tabora mwezi Juni, akazuiliwa huko takribani miezi mitatu na vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo, hata akalazimika kuzungukia kusini. Lau njia ya Urambo ingekuwa wazi, Stanley angefika Ujiji wakati Livingstone bado yuko mbali huko Manyema, na pengine wasingeonana. Anayetaka kumshukuru Mungu kwa mkutano ule hana budi kumtia Mirambo katika shukrani zake, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ile kutoka Bagamoyo kwa mabega yao.

Na palepale Ujiji, miaka saba baadaye, walifika wamishenari wa London Missionary Society, Agosti 1878. Makanisa ya Uingereza yalikuwa yakiwaombea. J. B. Thomson alikufa mwezi uliofuata, na Arthur Dodgshun, aliyechelewa njiani, alifika mwaka 1879 akafariki baada ya takribani juma moja. Hao nao waliomba na waliombewa. Sijawahi kusikia ushuhuda wao ukitolewa kwenye mkutano wa kuchangisha fedha.

Ipo pia habari ya Daktari Helen Roseveare, Mwingereza aliyetumika Nebobongo, kaskazini-mashariki mwa Kongo, ambayo huenda binti yako ameisikia. Mama mmoja alifariki akijifungua, akaacha kichanga kilichozaliwa kabla ya wakati na dada wa kichanga hicho, naye bado mtoto mdogo, na chupa ya mpira ya maji moto ya kumpashia mtoto joto ilikuwa imepasuka. Msichana mmoja akaomba kwa Mungu chupa ije siku hiyohiyo, na mwanasesere kwa ajili ya yule dada. Mchana ule kifurushi kilifika kutoka Uingereza kikiwa na vyote viwili, baada ya kuwa njiani miezi mitano. Mimi naiamini. Ninachokiona humo, na ambacho wasimulizi hupita haraka, ni kwamba kuna mtu aliyetia chupa ya maji moto ndani ya kifurushi cha kwenda nchi inayopitiwa na mstari wa ikweta, jambo ambalo karani yeyote wa posta angelicheka, na kwamba alifanya hivyo miezi mitano kabla ya ombi kutamkwa.

Yapo hata hivyo majibu ambayo ulimi unasita kuyaita hivyo. Watu wa Karema, kusini mwetu ufukweni mwa ziwa, walipata tabibu mwaka 1889, Adrien Atiman, aliyewahudumia mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa karibu na mto Niger, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, wamishenari Wakatoliki, huko Algeria na kusomeshwa utabibu Malta. Naweza kumshukuru Mungu kwa Atiman. Siwezi kumshukuru kwa wale waliomteka.

Nayajua haya kwa uchungu wangu mwenyewe. Vita vilipoanza upande wa Fizi na Uvira mwaka 1996, nilivuka kurudi Kigoma katika boti iliyojaa wakimbizi. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimeomba mambo mawili, zahanati isiguswe, na nisitenganishwe na watu wale. Zahanati iliporwa hadi mabati. Kisha kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya yangu mwenyewe ya Kasulu, na nilipokwenda huko kutafuta kazi niliwakuta baadhi ya wale akina mama waliochemsha maji, wakiwa kwenye foleni ya mgao. Nilifanya nao kazi tena kwa muda mrefu. Mchungaji mmoja alinihimiza nisimame kanisani nishuhudie jinsi Bwana alivyolijibu ombi la pili kwa kuwaleta watu wangu mlangoni pangu. Nilikataa. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na watoto hakuhamishwa ili mimi nipate faraja, na kama Mungu alikuwa na njia yake katika jambo lile, si mimi wa kuieleza kwa kipaza sauti. Daftarini tarehe ya ombi ipo, ila nafasi ya jibu nimeiacha wazi mpaka leo.

Sasa kuhusu binti yako. Mnunulie daftari gumu, na umwambie aandike tarehe ya ombi, tarehe ya jibu, na mtu aliyelileta. George Müller wa Bristol, aliyelea yatima kwa maelfu, aliandika kwa tarehe na kwa kiasi cha fedha, na ndiyo maana hata asiyeamini anaweza kumkagua. Kabla hajaondoka, liulizeni kanisa kwa maandishi nani atalipa nauli ya kumrudisha akiugua, nani atapokea simu yake usiku, na posho itatoka mfuko gani. Msikubali kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya imani, kwa sababu wanaosema hivyo mara nyingi wenyewe wana bima.

Na katika maombi yako wewe, baada ya kumwombea safari na afya, mwombee ajifunze Kimakua mapema, pamoja na Kireno, kisha umwombee mwanamke mmoja wa kule, wa dini yoyote, atakayemzoea kiasi cha kumwambia waziwazi kwamba chakula chake hakina ladha, kwamba jana alimkosea heshima mzee fulani, na kwamba boti fulani haifai kupandwa. Mimi niliyempata alikuwa mjane muuza mgebuka, samaki wa ziwa letu, na sehemu kubwa ya daftari langu ina jina lake.