Barabara ya nani, kiwanja cha nani? Majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja kwa sura mbalimbali: barabara zinajengwa na ofisi moja, viwanja vinapangwa na ofisi nyingine, na mwananchi anajikuta kati ya hizo mbili. Nimechagua maswali matano. Manne yanatoka Dar es Salaam na jirani zake, na moja limevuka bahari.

Barabara ya mtaa wetu imeliwa na maji. TANROADS wanasema si yao, mtendaji wa mtaa anasema si yake, na halmashauri inatuambia tusubiri. Ni ya nani? (Msomaji, Mbezi Msakuzi)

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara zetu kwa madaraja. Barabara kuu na za mkoa zimo mikononi mwa TANROADS, wakala ulio chini ya wizara ya ujenzi. Barabara za wilaya, pamoja na zile za mitaani, zilisimamiwa na wahandisi wa halmashauri hadi Julai 2017, zilipokabidhiwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kama barabara yenu haimo katika orodha ya barabara za mkoa, na kwa maelezo yako naamini haimo, basi ni ya TARURA, na barua yenu iende kwa meneja wake wa wilaya, nakala kwa diwani.

Ugumu wenyewe uko kwenye maungio. Nenda siku ya mvua pale barabara ya vumbi inapoingia kwenye lami: lami imeinuliwa, mtaro wake umejengwa kwa zege, na maji yanayoshuka mtaani hayana pa kuingilia, hivyo yanarudi nyuma na kuchimba ile ile njia ambayo TARURA iliichonga miezi mitatu iliyopita. Mtaro ni wa wakala mmoja, maji ni ya mwingine, na kibali cha nyumba iliyoziba mkondo wa asili kilitolewa na wa tatu. Mahali pa kulisemea hilo ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo huongozwa na Mkuu wa Mkoa na ambamo wakala zote mbili huketi pamoja na wabunge na viongozi wa halmashauri. Mwambieni mbunge wenu alipeleke likiwa na picha na jina la kalavati, kwa kuwa malalamiko ya jumla huandikwa kwenye muhtasari na kuishia humo.

Nyumba yangu ina kibali cha ujenzi cha halmashauri, lakini imewekwa alama ya X ya kubomolewa. Inawezekanaje Serikali moja iruhusu na Serikali hiyo hiyo ikataze? (Msomaji, Kibamba)

Inawezekana, na imetokea mara nyingi mno. Sheria ile ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, yaani ukanda wa kando ulioachiwa barabara, kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Kwa hiyo kuna watu ambao barabara iliwafuata walipo, na kuna walioifuata barabara. Ndiyo maana nauliza kwanza: X yako ni ya rangi gani? Nyekundu humaanisha kwamba unahesabiwa umo ndani ya hifadhi na hutalipwa. Ya kijani humaanisha kwamba ulikuwapo kabla ya upanuzi wa hifadhi na kwamba unastahili fidia siku eneo lako litakapohitajika. Iwapo unaamini umewekewa rangi isiyo yako, kusanya hati, mchoro wa mipango miji na kibali chenye tarehe, kisha uwasilishe pingamizi kwa maandishi kabla mkandarasi hajafika, kwa maana baada ya hapo utakuwa ukidai kifusi.

Usichukulie, hata hivyo, kwamba meta 30 ndizo kila mahali. Barabara ya Morogoro ina historia yake ya hifadhi pana zaidi, na mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa ajili ya upanuzi, baadhi ya wenyewe wakiwa na karatasi walizoamini zinatosha.

Nimewahi kuketi katika kikao ambacho ramani mbili za eneo moja zilitandazwa mezani, moja ya barabara na nyingine ya viwanja, na tulipozilinganisha tukakuta mtaro uliopangwa unapita katikati ya sebule ya mtu. Kila ramani ilikuwa na mhuri, wala hakuna aliyekuwa ameghushi chochote. Maofisa waliozichora walikuwa hawajawahi kuonana. Kwa maoni yangu, hakuna kibali cha ujenzi kando ya barabara kuu kinachopaswa kutoka bila saini ya mhandisi wa barabara hiyo kwenye karatasi ile ile, na hilo halihitaji sheria mpya.

Nalala Kibaha, nafanya kazi Posta. Nani anapanga safari yangu? (Msomaji, Kibaha)

Hakuna mmoja. Unalala Mkoa wa Pwani na unafanya kazi Mkoa wa Dar es Salaam. Leseni ya basi lako inatolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, barabara ni ya TANROADS, mwendokasi, yaani mabasi ya njia maalumu yanayosimamiwa na wakala wa DART, uko chini ya TAMISEMI, na kiwanja ulichojenga kilipangwa na halmashauri ambayo haina sauti juu ya lolote kati ya hayo. Mpango kabambe wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 uliandaliwa jiji likiwa na watu wasiofika milioni moja, na uliendelea kuwa ndio rejea hata muda wake ulipopita. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, bila kuwahesabu ninyi mnaoingia kila alfajiri kutoka Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo.

Zamani kidogo kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyosimama juu ya manispaa. Ilivunjwa Februari 2021 na hadhi ya jiji ikapewa Ilala, mwezi ule ule ambao stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, mradi mkubwa wa halmashauri hiyo, ilizinduliwa. Hivi sasa anayeweza kuwaita wakurugenzi wote meza moja ni ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Anaweza kuwaita na akawasikiliza. Mfuko wa kutekeleza watakachokubaliana hana, na mamlaka yake yanakoma kwenye mpaka wa mkoa, wakati foleni haikomi hapo.

Huku ninakoishi nimesikia kuna baraza linalosimamia mabasi ya miji yote. Je, kwetu haliwezekani? (Msomaji, Minneapolis)

Hilo ni Metropolitan Council, lililoundwa na bunge la jimbo la Minnesota mwaka 1967 kwa ajili ya kaunti saba. Wajumbe wake huteuliwa na gavana. Linaendesha mabasi na treni, na pia maji taka, na sheria ya mwaka 1976 inazitaka serikali za mitaa zipeleke kwake mipango yao ya matumizi ya ardhi ikaguliwe kama inaendana na mifumo ya eneo zima. Mji unaotaka kupima viwanja elfu moja mahali ambapo bomba wala basi halitafika unaweza kuambiwa urekebishe mpango wake.

Kwa Marekani nzima, sheria ya shirikisho ya mwaka 1962 ilifunga fedha za barabara kuu kwenye sharti kwamba katika maeneo ya miji yenye watu zaidi ya 50,000, majimbo na serikali za mitaa vipange usafiri kwa pamoja. Sisi tumezoea kuhimiza ushirikiano kwa hotuba na warsha. Wenzetu waliutundika kwenye hundi. Hata hivyo, huko nako wapo wanaolalamika kwamba baraza lisilopigiwa kura linawaamulia mambo ya nyumbani kwao, na lalamiko hilo lina uzito. Kwetu lingekuwa zito zaidi, kwani madiwani tayari wanahisi kwamba barabara zilipokwenda TARURA wao walibakiwa na lawama tu. Baraza la namna hiyo hapa lingehitaji madiwani ndani yake kutoka mikoa yote miwili, na si wateule peke yao.

Kwa nini karakana ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, mahali ambapo kila mtu anajua panajaa maji? (Msomaji, Magomeni)

Kwa sababu palikuwa wazi na karibu na katikati ya mji. Katika mji uliojaa, ardhi iliyo wazi kwa kawaida ina sababu ya kuwa wazi, na bonde la Msimbazi lilikuwa wazi kwa sababu mto unalihitaji. Mabasi yalianza kazi Mei 2016, na mafuriko yameifikia karakana mara kwa mara tangu hapo, barabara ikifungwa Jangwani na abiria wa Kimara wakitafuta bajaji za kuzungukia. Waliotafuta eneo walitazama urefu wa njia, na waliojua tabia ya mto walikuwa ofisi nyingine.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ulio chini ya TAMISEMI kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sasa unashughulikia mto, daraja la Jangwani na kuihamisha karakana katika mpango mmoja. Itakapohama, utazameni uwanja utakaoachwa: kama kibanda cha kwanza kikisimama pale na kikaachwa kimalize msimu mmoja wa masika, mtajua zile ofisi bado hazijaonana.