Nchi kavu kwanza, mipaka baadaye: maswali yenu kuhusu ramani za dunia

Niliwaomba maswali kuhusu jambo moja tu: ramani ya kidijitali inapoonyesha bara zima au dunia nzima, nchi kavu na mipaka ya mataifa zichorweje? Nimechagua yale yanayowasumbua wengi. Mtaona narudi tena na tena kwenye kanuni moja: nchi kavu ni mchoro mmoja, na mataifa ni mchoro mwingine unaolala juu yake.

Nimepakua mipaka yenye undani wote. Nikivuta karibu ni safi, nikisogeza mbali pwani ya Norwei inakuwa doa jeusi. Tatizo ni kompyuta yangu?

Kompyuta haina kosa. Umeiambia ichore maelfu ya nukta mahali penye nafasi ya nukta chache, nayo imetii. Piga hesabu. Katika mfumo unaotumiwa na ramani nyingi za mtandaoni, kiwango cha ukuzaji 0 huweka dunia nzima kwenye kigae kimoja, yaani kipande cha mraba cha picha, cha pikseli (nukta za skrini) 256 kwa 256. Pale ikweta, pikseli moja hubeba kilomita 156 na ushei. Kila unapopanda kiwango kimoja, umbali huo hukatwa nusu: kiwango cha 2 ni kilomita 39, cha 3 ni karibu 20, cha 5 ni karibu 5. (Programu nyingi za vekta, yaani zinazopokea mistari na maumbo badala ya picha iliyokwisha chorwa, hutumia vigae vya pikseli 512, kwa hiyo kiwango chake cha 2 ndicho cha 3 kwa hesabu hii. Hakikisha unajua yako inahesabu vipi kabla ya kugombana na mwenzako.) Hori nyingi za Norwei, yaani ghuba nyembamba zinazoingia nchi kavu, zina upana wa kilomita chache tu. Mstari wako unaingia ndani ya hori, unageuka, unatoka palepale ulipoingilia, na wino unajaa.

Dawa ni kutumia data iliyotengenezwa kwa umbali huo. Natural Earth, mradi wa data za ramani, wanatoa dunia kwa skeli tatu, 1:10,000,000, 1:50,000,000 na 1:110,000,000, bure na bila hakimiliki. Mimi hutumia ile ya 110 hadi kiwango cha 2, ya 50 kwa viwango vya 3 na 4, kisha ya 10. Ukitaka kurahisisha data yako mwenyewe, kuna njia mbili zinazojulikana. Ya Douglas na Peucker, ya mwaka 1973, hubakiza nukta zilizo mbali na mstari ulionyooka, na ukiibana sana pwani huota miiba. Ya Visvalingam na Whyatt, ya mwaka 1993, huondoa kwanza nukta inayounda pembetatu ndogo kuliko zote pamoja na jirani zake. Kwa pwani napendelea hii ya pili.

Halafu angalia kwa macho yako, maana hakuna programu inayojua kipi ni muhimu. Mlangobahari wa Gibraltar una kilomita kama 14 pale unapobana zaidi. Kwenye kiwango cha 2 haufiki hata nusu ya pikseli, kwa hiyo Afrika itaungana na Ulaya usipoingilia kati. Mimi huufungua kwa mkono, ingawa ni uongo wa pikseli moja. Msomaji akikuta Mediterania imekuwa ziwa, hataamini kitu kingine chochote ulichochora.

Gambia imenipotea. Ninachoona ni mstari mnene tu katikati ya Senegal.

Ulichokiona ni mipaka miwili iliyokutana na kuila nchi. Gambia inafuata mto, na sehemu kubwa yake haizidi kilomita 50 kwa upana. Kwenye kiwango cha 3 hizo ni pikseli mbili na nusu, na penye wembamba ni moja na kidogo. Ukichora mpaka wa pikseli moja na nusu kaskazini na mwingine kusini, umeshamaliza nafasi yote.

Kwanza angalia kama hukuupa kila mpaka wino mara mbili. Wengi huchukua poligoni ya kila nchi, yaani umbo lake lililofungwa, na kuizungushia mstari. Senegal inachorwa na ukingo wake, Gambia inachorwa na ukingo wake, na mstari uleule unapita mara mbili. Ukiwa umetumia rangi inayopenyeza mwanga, ndiyo maana mipaka ya ndani ya bara inaonekana mizito kuliko pwani. Poligoni zipe rangi ya kujaza tu, bila ukingo. Mipaka iwe tabaka lake la mistari, kila mstari mara moja.

Pili, acha unene ukue pamoja na ukuzaji: nusu pikseli kwenye kiwango cha 3, moja kwenye cha 5. Viwango vya 0 na 1, mimi sichori mipaka kabisa. Naweka nchi kavu, bahari, na pengine majina ya mabara. Kuna watu hukasirika nikisema hivi, lakini jaribu kuificha mipaka yote uone kama kuna mtu atakuuliza imeenda wapi.

Nilirahisisha kila nchi peke yake, sasa kuna mianya myembamba kati ya majirani.

Kila nchi ilichagua nukta zake za kubakiza bila kumwuliza jirani. Tumia muundo unaohifadhi mpaka wa pamoja kama kipande kimoja kinachotumiwa na nchi zote mbili, kama TopoJSON, kisha urahisishe kipande hicho mara moja. Na hata ukiacha mianya, isionekane: weka nchi kavu nzima chini ya nchi zote, ili penye ufa ionekane ardhi na si bahari.

Kuna mstari wa wima umekata mashariki ya mbali ya Urusi, na mwingine Fiji. Si mpaka ninaoujua.

Si mpaka. Ni longitudo ya 180, mahali ambapo poligoni hukatwa ili ziingie kwenye karatasi bapa. Umezungushia poligoni mstari, na mkato nao ukapata mstari. Tiba ni ileile niliyotoa kwa Gambia.

Mpaka wangu wa vistari unaonekana vistari sehemu nyingine, na sehemu nyingine mstari kamili. Nimeangalia mtindo mara kumi, ni mmoja.

Mtindo ni mmoja lakini mstari ni miwili. Nchi ya kwanza ilianza kuhesabu vistari vyake kutoka kona moja, ya pili kutoka kona nyingine, na kistari cha huyu kikaangukia kwenye pengo la yule. Ondoa nakala.

Wateja wangu wanalalamika kuwa kila kisiwa kimezungushiwa puto.

Hiyo ni mipaka ya baharini. Nchi hudai maili 12 za baharini kutoka pwani yake, yaani kilomita 22 hivi. Kwenye kiwango cha 3 hiyo ni takriban pikseli moja nje ya ufuo, ndiyo maana inaonekana kama kivuli kichafu kinachoandama pwani. Kwenye ramani ya mbali iondoe yote. Katika data ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, vipande vya baharini huwa na alama ya maritime=yes, hivyo kuvichuja ni kazi ya dakika moja.

Maziwa ni habari nyingine. Mpaka wa Marekani na Kanada unapita katikati ya maziwa makubwa, na mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania inakutana ndani ya Ziwa Victoria. Ukiikata ufukweni, mpaka unabaki na pengo na jicho linatafuta uliko. Hapo mimi huuacha upite juu ya maji, kwa rangi hafifu zaidi.

Mpaka wenye mgogoro niuchore vipi bila kumuudhi mtu?

Utamuudhi mtu, ndugu yangu. Kazi yako ni kuchagua kwa kujua, na kusema wazi ulichochagua.

Njia ziko tatu. Unaweza kuchora hali ilivyo ardhini, yaani nani anatawala sasa. Hivyo ndivyo Natural Earth wanavyofanya katika toleo lao la kawaida. Unaweza kuchora vistari badala ya mstari kamili na kuacha pande zote mbili zionekane. Au unaweza kuonyesha toleo tofauti kulingana na nchi aliyopo mtazamaji, kama Google wanavyofanya kwa maeneo kama Kashmir. Hii ya tatu si unafiki tu kama wengi wanavyosema; nyingine ni sheria. India inahesabu kuwa ni kosa la jinai kuchapisha ramani ya nchi hiyo isiyolingana na zile za Survey of India, idara ya serikali ya upimaji na ramani, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 6. Kama bidhaa yako inauzwa huko, muulize mwanasheria kabla ya kumwuliza mbunifu.

Kwa ramani ya mbali ninachagua vistari, lakini viwe vifupi na rangi iwe ileile ya mipaka mingine. Usiweke nyekundu. Nyekundu kwenye ramani ya dunia hufanya mgogoro wa kilomita chache uonekane mkubwa kuliko bara.

Sasa tazama mfano ninaoupenda, kati ya Misri na Sudan. Misri inafuata mstari wa mwaka 1899, latitudo ya 22 moja kwa moja. Sudan inafuata mstari wa utawala wa mwaka 1902. Pembetatu ya Hala'ib, ufukweni mwa Bahari ya Shamu, inadaiwa na wote wawili. Bir Tawil, kipande cha jangwa cha kilomita za mraba 2,000 na ushei, hakidaiwi na yeyote kati yao. Ukijenga nchi kavu yako kwa kujumlisha poligoni za mataifa, Bir Tawil haimo kwenye poligoni yoyote, na kwenye tundu hilo inachungulia rangi ya chini, yaani bahari. Umechimba ziwa jangwani bila kujua. Antaktiki nayo itakusumbua: nchi saba zinadai vipande vyake, lakini Mkataba wa mwaka 1959 umeyasimamisha madai hayo. Ichore nzima, bila mstari hata mmoja.

Nchi yetu ya visiwa haionekani mpaka mtu avute karibu sana. Hatupo duniani?

Mpo, na malalamiko yenu ni halali. Nauru ina kilomita za mraba 21, Tuvalu 26. Vigae vya vekta kwa kawaida vina gridi ya hatua 4,096 kila upande, kwa hiyo kwenye kiwango cha 0 hatua moja ni karibu kilomita 10. Kisiwa kisichofika hapo hunywea kuwa nukta, na programu nyingi hukitupa. Mchoraji anapaswa kuweka tabaka la nukta kwa mataifa madogo: duara la pikseli tatu au nne, rangi ileile ya nchi kavu, linalotoweka poligoni halisi inapoanza kuonekana. Maldivi haitoshi duara moja, kwa sababu visiwa vyake vimetandaa kwa zaidi ya kilomita 800 kaskazini hadi kusini. Huko weka mfululizo.

Na ukubwa peke yake si kinga. New Zealand husahaulika mara nyingi kwa kuwa iko pembeni mwa picha, hadi mwaka 2018 serikali yake ikatoa kampeni ya mzaha kuhusu jambo hilo.

Kwa nini Greenland inalingana na Afrika?

Kwa sababu ya projeksheni (njia ya kuilaza dunia ya duara kwenye karatasi bapa) ya Mercator, ya mwaka 1569, iliyobuniwa kuwasaidia mabaharia kushika mwelekeo. Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Ramani za mtandaoni zinatumia namna ya projeksheni hiyo kwa sababu kaskazini hubaki juu na maumbo ya mitaa hayapindi ukivuta karibu. Kwa mitaa ni sawa. Kwa dunia nzima, hasa ukizipa nchi rangi kwa takwimu, tumia projeksheni inayolinda ukubwa wa eneo, kama Equal Earth ya mwaka 2018, ambayo Umoja wa Afrika uliiunga mkono mwaka 2025. Au onyesha tufe. Google Maps kwenye kompyuta walianza kufanya hivyo mwaka 2018.

Nimesikia rangi nne zinatosha kuzitofautisha nchi zote. Mbona zangu zinagongana?

Hesabu hiyo ilithibitishwa mwaka 1976, lakini kwa maeneo yasiyokatika vipande. Alaska lazima ifanane na Marekani, Cabinda ifanane na Angola, Kaliningrad na Urusi. Natural Earth wameshaweka safu za rangi 7, 8, 9 na 13 tayari kwenye data. Chukua ya 7. Ila mimi nchi kavu yote huipa rangi moja, na naiacha tofauti kubwa zaidi iwe kati ya ardhi na bahari. Ibadilishe picha yako iwe ya kijivu: pwani ionekane kwanza, mpaka baadaye. Mpaka ukitangulia, upunguze weusi kabla hujapunguza unene.