Mtoto wa miaka 7 na swali la kujiua

Umeuliza kama mtoto wa miaka 7 anayeletwa kliniki ya afya ya akili aulizwe kuhusu kujiua, na kama swali lenyewe litampa wazo. Halimpi wazo. Dodoso fupi la ASQ (la kuchunguza hatari ya kujiua) lina maswali 4, na la 5 kwa aliyejibu ndiyo au aliyekataa kujibu (kukataa si hapana!), lakini limekusudiwa kuanzia miaka 8. Kwa wadogo zaidi fuata dalili: akisema anataka kufa au akijaribu kujiumiza, afanyiwe tathmini kamili siku hiyohiyo.

Zungumza naye peke yake kwanza, kisha mzazi. Mbele ya mzazi wengi hukana. Uliza moja kwa moja: “Umewahi kutaka kufa? Ulifikiria kufanya nini?” Ukisema “Hutaki kufa, sivyo?” umeshamjibia. Muulize pia kama aliyekufa anaweza kurudi. Akisema ndiyo, tafadhali usilegeze tahadhari: asiyeelewa kifo bado anaweza kujidhuru vibaya.

Kabla hawajaondoka, kubalianeni na mzazi dawa na sumu zote zifungiwe, nani atakaa na mtoto, na siku ya kurudi. Kama hatari ni ya sasa hivi, asirudi nyumbani.