Nguzo kupasuka kwenye tundu la ulimi

Fundi wa Mikindani, umeuliza kwa nini nguzo zako za mninga za baraza zinapasuka. Ni kwa sababu unachimba tundu la ulimi (ile ncha nyembamba ya mti mwingine inayoingia kwenye nguzo) karibu mno na ncha ya nguzo. Iache nguzo iwe na ziada ya shibiri moja, chimba, halafu ndiyo ukate kilichozidi. Halafu makali ya patasi yaanze kwa kukingama na nyuzi za mti, yazikate. Ukiyalaza sambamba nazo, patasi inakuwa kabari. Chimba nusu upande huu, geuza, matundu yakutane katikati. Upana wa tundu ni theluthi ya unene: nguzo ya sentimita 15, ulimi 5.

Misumari achana nayo, chumvi ya hapo pwani itaila. Kushikilia kiungo, weka kigingi cha mti wa mkongo mkavu, kipasue kwa panga ufuate nyuzi. Tundu la kigingi kwenye ulimi lisogeze milimita 2 kutoka usawa wa lile la kwenye nguzo, kuelekea bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia. Ukikigonga, kiungo kinalia "kwii" na bega linabana lenyewe. Usizidishe hizo milimita lakini. Mimi niliwahi kuzidisha, kigingi kikakatikia ndani, nikashinda asubuhi nzima nakitoboa kwa keekee huku mwenye nyumba kanikalia kichwani.