Siku ya kwanza Mumbai, pesa ziache hotelini

SWALI: Shikamoo mama. Nina duka la vitambaa Mwanza, na siku zote mzigo nachukua Kariakoo. Mwaka huu nimejikusanya, nimepata viza ya biashara, nakwenda Mumbai mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nitatua Jumamosi alfajiri na kurudi Alhamisi. Wenzangu wananiambia nisipoteze hata saa moja, nikifika tu niingie sokoni ninunue. Wewe unayekwenda kila mwaka, siku ile ya kwanza niitumieje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Najua ilivyo kazi kufika hapo ulipofika.

Jumamosi usinunue kitu. Hata jora moja. Wenzako wanakutakia mema, lakini mimi walinishauri vilevile na ilinigharimu.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa 2012. Nilitua sijalala, nikaoga, nikateremka. Mlangoni mwa hoteli kijana mmoja akanisalimia kwa Kiswahili, akasema atanipeleka kwenye duka la jumla kabisa. Nilifurahi kusikia lugha yangu, nikamfuata. Sikujua kwamba alikuwa dalali, na kwamba cha kwake kilikuwa ndani ya bei yangu. Neno lenyewe wanalo hukohuko, dalal, na kazi ni ileile. Dukani nikapewa chai, nikafunuliwa vitambaa vya darizi, nikauliza bei ya mita. Muuzaji akasema "dhai sau". Nilikuwa nimejifunza kwamba kwa Kihindi do ni mbili na sau ni mia, nikadhani ni mia mbili. Nikafungiwa majora kumi na mawili, kila moja la mita 30. Hesabu yangu ilikuwa rupia 72,000. Karatasi ilipokuja imeandikwa 90,000. Dhai ni mbili na nusu! Mzigo ulishafungwa, watu wananitazama, nikaona haya kuvunja biashara. Nikalipa. Nyumbani nilipopima, matatu kati ya majora yale hayakufika mita 30.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, zishike namba hizi mbili kama jina lako: dedh ni moja na nusu, dhai ni mbili na nusu. Dedh sau ni 150. Dhai sau ni 250. Kwingine utajikuta nyumbani, maana laki yetu ni laki yao, tumeitoa kwao. Ila kwenye karatasi alama ya mkato wanaiweka kwingine: laki moja na nusu wanaandika 1,50,000. Usiharakishe kusoma, hesabu tarakimu.

Sasa Jumamosi yenyewe. Saa yako isogeze mbele mapema, wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Cheti cha homa ya manjano kikae na pasipoti mkononi, si kwenye sanduku. Dola zako ziwe noti safi zisizo na alama wala kukunjika. Badilisha kidogo tu kwa wenye leseni na utunze risiti. Omba chenji ndogo, noti za 50 na 100, kwa sababu utaona watu wote wanalipa kwa kupiga picha ya msimbo wa QR kwa simu, hata muuza chai wa kando ya barabara, na mwenye noti ya 500 anamsumbua.

Ukilala upande wa Andheri, karibu na uwanja wa ndege, utaziona bajaji zilezile za kwetu, maana kampuni ya Bajaj yenyewe ni ya jimbo hilohilo. Haziruhusiwi kushuka hadi mjini kusini, zinaishia Bandra na Sion. Kusini kuna teksi nyeusi zenye paa la njano. Na tangu Oktoba 2025 metro ya chini ya ardhi imefunguliwa yote, inapita uwanja wa ndege na kufika hadi mjini, na kituo cha Kalbadevi kinakuacha jirani na soko la vitambaa. Kama huna mizigo, panda hiyo.

Lala hadi saa nne. Nasema kweli. Masoko ya jumla hayachangamki kabla ya saa tano asubuhi, na anayefika saa mbili anakuta vijana wanafagia. Kula. Mumbai wana kitu kinaitwa vada pav, ambacho ni kachori yetu ya viazi imewekwa ndani ya mkate mdogo na chatne. (Ukiagiza "kachori" utaletewa kitu kingine.) Maji kunywa ya chupa iliyofungwa. Ukitaka nyama, Mohammed Ali Road ni mtaa wa Waislamu, utakula bila wasiwasi, na kutoka hapo sokoni ni mwendo wa miguu.

Pesa kubwa iache kwenye sefu ya hoteli. Toka na rupia 2,000, daftari, kalamu, mkasi mdogo, kiberiti na futi ya kupimia ya fundi nguo. Vaa viatu vya kuvuliwa haraka.

Nenda Mangaldas Market. Iko jirani na Crawford Market, lile soko la mawe lenye mnara wa saa lililojengwa mwaka 1869, kwa hiyo hata ukipotea, taja Crawford na kila mtu atakuonyesha. Mangaldas ina paa, vichochoro vyembamba, maduka kwa mamia, na karibu yote yanauza vitambaa. Muuzaji anakaa juu, kwenye godoro lililotandikwa shuka jeupe. Anavuta jora, analirusha, linafunguka lote mbele yako kwa mlio mmoja, na rangi inakujaa machoni. Hapo ndipo mgeni anaponunua. Wewe kaa ukingoni, vua viatu kama amekukaribisha juu, pokea chai. Ni glasi ndogo, wanaiita cutting, nusu ya chai nzima. Kuinywa hakukufungi kununua.

Muulize mambo matatu tu: bei ya mita kwa jora zima, jora lina mita ngapi, na panna, yaani upana. Jora wao wanaliita thaan. Upana unaweza kuwa inchi 44 au 58, na hapo ndipo bei rahisi inapoficha uongo wake: kitambaa chembamba cha rupia 90 kinaweza kuwa ghali kuliko kipana cha rupia 110. Usikubali kwa kusikia, toa futi yako upime. Kisha omba kipande cha sampuli, kibandike kwenye daftari, andika kando yake bei, upana na namba ya duka. Wote wana kadi, chukua na kadi.

Akikuambia ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja pembeni, toka nje ya duka mbali na vitambaa, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na jivu lake ukilisugua kwa vidole linapukutika laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha punje nyeusi ngumu kama shanga. Ukiona punje ndani ya jivu, vimechanganywa. Muuzaji mkweli hachukii jaribio hilo. Mmoja wao, mzee wa makamo, ndiye aliyenifundisha mimi, na hadi leo nanunua kwake. Namwita kaka. Kwa Kimarathi na Kigujarati kaka ni ndugu wa baba, kwa hiyo ni heshima zaidi ya ile tunayoimaanisha sisi.

Zunguka maduka ishirini hivi. Ukichoka toka nje usimame pembeni kidogo, utazame mikokoteni inavyopita imepakiwa marobota, na wapagazi wenye mizigo kichwani wanaopiga kelele upishe. Wapishe kweli, hawawezi kusimama ghafla. Fuata kwa macho marobota yanakotoka. Duka linalotoa mzigo mkubwa kutwa nzima ndilo la jumla. Lile lenye kioo na mlinzi mara nyingi linauzia maharusi.

Jumapili Mangaldas wanafunga. Wengi wanaona ni siku iliyopotea, mimi naipenda kuliko zote. Tandika sampuli zako kitandani mchana, kwenye mwanga wa dirisha. Rangi iliyong'aa jana chini ya taa za duka utaiona ilivyo. Ondoa nusu ya sampuli hizo. Jioni nenda Gateway of India, lile lango la mawe la ufukweni lililokamilika mwaka 1924, upigwe na upepo wa bahari ileile inayofika Dar.

Jumatatu sasa chukua pesa zako, rudi kwenye maduka manne au matano yaliyobaki daftarini. Dai pakka bill, risiti halisi ya kodi, si kikaratasi cha mkono wanachokiita kachcha. Jora lipimwe mbele yako kabla ya kufungwa, uandike jina lako juu ya robota kwa mkono wako.

SWALI: Mama, mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu kwenda hukohuko. Nimeona picha za treni za Mumbai watu wananing'inia mlangoni. Nizikwepe kabisa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usizikwepe, dada yangu. Kila treni ya mjini ina mabehewa ya wanawake watupu, na mahali yanaposimama pamewekwa alama kwenye jukwaa. Ukishindwa kupaona, tafuta kundi la wanawake waliosimama wamekusanyika na usimame nao. Asubuhi kati ya saa mbili na saa tano, na jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, usipande. Hata wenyeji wanasukumwa. Mchana utapata hadi kiti. Treni haikai kituoni, ni sekunde chache tu, kwa hiyo kituo kimoja kabla ya chako simama usogee mlangoni, na muulize aliye mbele yako kama naye anashuka. Wanaulizana hivyo wao kwa wao muda wote, na anayeshuka atakupa nafasi nyuma yake. Mkoba uvae mbele kifuani. Ukiwa na robota, hata dogo, chukua teksi.