Hadithi iliyolala tangu kabla ya Ramadhani: usiianze upya

Dada wa Malindi, umeuliza mambo mawili: hadithi yako iliyokwama sura ya tatu tangu kabla ya Ramadhani uianze upya au uiendeleze, na hizi siku baina ya Krismasi na Mwaka Mpya uzitumie vipi maadamu ofisi yenu imefungwa. La kwanza nakujibu mara moja, usianze upya. Sura ya kwanza ni tamu kila unapoianza, lakini utafika tena sura ya tatu na kilichokukwamisha utakikuta palepale kinakungoja, na likizo imekwisha.

La pili ndilo lenye maneno. Huo utulivu wa siku za likizo kwanza tuupime. Hapa Lamu Krismasi si sikukuu ya wengi wetu, ila likizo ni ya wote. Wenzetu wa bara wakishavuka hadi Mokowe, gati la ng'ambo, kupanda basi, maofisini panabaki feni na karani mmoja, na shule nazo zimefungwa. Mwenye mashua hana habari na utulivu huo, wageni wamejaa Shela na huu ndio msimu wake wa kupata riziki. Halafu kuna harusi. Disemba ni harusi juu ya harusi, na wewe mwanamke utaitwa ukachague mchele. Mimi naweza kuaga barazani nikasingizia kuumwa kichwa na nisiulizwe zaidi. Kwa hiyo chukua ile saa ya baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka. Mchana usiutegemee, joto la msimu huu halimwachi mtu akafikiri.

Kazi yangu mimi ni utenzi, shairi refu la kusimulia, juu ya biashara ya boriti, yaani miti ya mikoko ya kujengea, kwa sababu babu yangu alikuwa mtu wa jahazi. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni yamepakia tende, na ule wa kusi ukianza yakarudi na mikoko ya huku kwetu. Miti ilihesabiwa kwa korja, kila korja miti 20, ikapangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kule ambako miti ya kujengea ni adimu, nyumba ziliezekwa kwa miti iliyokatwa visiwani hapa. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi, na hapo ndipo utenzi unapotakiwa kuishia. Bado sijafika huko. Mwaka mzima mafaili ya ofisini yanaulaza, Disemba ikiisha naufungua.

Nikiufungua sitafuti beti mpya. Nachukua daftari safi, nanakili ule wa zamani kwa mkono, na kila mshororo nausoma kwa sauti. Siku ya mwanzo sioni raha yoyote, kila ubeti nauona umepooza na natamani kuchana karatasi. Nanakili tu. Mwaka jana nilifika hapa:

Pau zikahesabika
mazio yakapangika
na boriti zikafungika
jahazini zikangia

Wajuzi wa tenzi mshalisikia kosa. Mshororo una mizani (silabi) minane, na huo wa tatu una tisa. Kwa macho nilikuwa nimeupita sijui mara ngapi bila kuona kitu, ila nilipousoma kwa sauti ulimi ulijikwaa kwenye hiyo "na". Nikaiondoa, ikabaki "boriti zikafungika", nikausoma ubeti mzima tena, nikaurudia, na kabla sijaweka kalamu chini ukaja wa pili yake ambao sikuwa nao kabisa (Amu ndiyo Lamu):

Kusi likaja kuvuma
tanga likajaa vyema
Amu ikabaki nyuma
minazi ikapotea

Sisemi ni ubeti mkubwa. Nasema haukuja kwa kuketi nikiungojea. Sikio lilikuwa limesharudi, na kunakili ndiko kulikolirudisha. Hadithi haina mizani, lakini ina mwendo, na ukiisoma sura ya tatu kwa sauti utasikia mahali ambapo mtu wako anaacha kusema maneno yake na kuanza kusema ya kwako. Nahisi hapo ndipo ulipokwama. Wengi hukwama hapo.

Mwenzetu mmoja aliyekujibu kabla yangu amekushauri ujiwekee kurasa za kila siku ili tarehe 1 Januari uwe umemaliza. Sikubaliani naye. Siku hizi ni chache na zina wageni, harusi na umeme wa kukatika. Ukijipa ahadi ya kumaliza, siku moja ikikuponyoka utaiacha yote. Zitumie kufungua kazi tu. Nina jirani fundi wa nakshi ambaye mwaka mzima anawachongea wageni fremu za vioo, na mlango wa nyumba yake mwenyewe hauna hata ua moja (mkewe hamwachi akalisahau hilo). Akipata upenyo msimu huu hunoa patasi, akachonga kidogo kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, wa mbao ngumu ya mbambakofi, akaufunika gunia. Hana haraka, na mlango unaendelea.

Kompyuta iache kwanza, nakili kwa kalamu, maana kwenye kompyuta utaanza kufuta. Simu iweke chumba kingine. Usimsomee mtu wa nyumbani kwa sasa. Atakusifu, au atauliza yule mume mbaya wa hadithini ni nani, na yote mawili yatakuharibia.

Ofisi ikifunguliwa Januari, tafuta asubuhi moja ya wiki ambayo haina mwenyewe. Yangu ni Jumamosi. Sura ya nne itatoka humo polepole. Na hiyo ya tatu ukishainakili, weka hapa ile aya iliyokukwamisha tuisome.