Jibu: Sikukuu ya somo (mtakatifu msimamizi) wa jumuiya yetu kuangukia Kwaresima
Tumsifu Yesu Kristo, dada. Umeuliza kwa nini paroko alivaa zambarau Machi 7, siku ya watakatifu wasimamizi wenu Perpetua na Felista. Hakuwadharau. Tarehe hiyo huangukia Kwaresima karibu kila mwaka, kwa hiyo rangi hubaki ya kipindi, ila padre anaruhusiwa kusali Sala ya Mwanzo ya watakatifu hao. Mwombeni padre hilo mapema. Sisi humwomba pia atumie Sala ya Ekaristi ya Kwanza, ile inayowataja, na majina yao yasirukwe, maana yamo ndani ya mabano, yaani padre anaweza kuyaacha! Tarehe hiyo ikiwa Dominika, Misa huwa ya Dominika; msihangaike. Shangwe ipelekeni jumuiyani: someni habari za kuuawa kwao kwa ajili ya imani huko Karthago, mji wa kale wa Afrika Kaskazini, mwaka 203. Perpetua, miaka 22, ananyonyesha gerezani. Felista, mtumwa, anajifungua humo humo siku chache kabla ya kuuawa.